Onyesha Njia

Miaka kumi na tisa nimefundisha hesabu Newala,
na maneno nikiyatumia kama chumvi ya kuazima:
kidogo, kwa ncha ya vidole.
Tafuta. Rahisisha. Zimebaki ngapi?
Nikifika hapo nafunga kinywa, nangoja jibu.

Mwaka ule bei ya korosho ilipoyumba
nikachoka na machungwa ya kitabuni
(nani hapa kwetu ana machungwa arobaini na nane?)
nikatunga fumbo langu mwenyewe, ubaoni:

Mama Chikumbi ana kilo thelathini na tano za korosho.
Mtu wa kangomba amekuja usiku na bakuli lake.
Bakuli linabeba kilo moja na robo, yeye analiita kilo.
Mama Chikumbi amepunjwa kilo ngapi?

Darasa la sita likainama. Kalamu zikakwaruza.
"Saba," akasema Nambunga, "saba kamili."
Sahihi, nikasema, dasta tayari mkononi.
Ndipo Shazina, ambaye hesabu zake humwagika njiani
kama dumu la maji lisilo na kizibo
kwenye mlima wa kutoka bondeni,
akauliza bila kunyoosha kidole:
"Mwalimu, kwa nini alikuja usiku?
Na huyo mama hana mtu wa kumshikia taa?"

Nilifungua kitabu cha mwalimu, nyuma, kwenye majibu.
Nilifungua kweli. Aibu yangu hiyo.

Usiku nikageuza andalio la somo, upande mweupe,
nikaandika: Taa ilikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo.
Nikaitia mkasi kwa kalamu nyekundu.
Nikaandika tena. Nikajipa nne kwa kumi.
Nikachana.
Msinicheke. Mkono uliozoea alama ya sawasawa
huiogopa sentensi isiyo na upande wa pili.

Mwezi mzima hivyo, ukungu ukigonga dirisha,
harufu ya mabibo yaliyochacha ikiingia bila hodi,
na mimi, mwenye shahada ya kugawanya,
sijui nikate wapi.

Mwalimu Nandonde wa Kiswahili,
ambaye shairi kwake ni nane kwa nane au si kitu,
aliisoma kurasa mbili amesimama, chai mkononi.
"Sentensi ya tatu, ngeli imeteleza," akasema.
"Na maneno umezidisha, Mwalimu Somoe. Kuzidisha ni kwako."
Wenzetu ofisini wakacheka, nami nikacheka nao, kwa adabu.
Akanirudishia karatasi. Mlangoni akageuka:
"Halafu huyu mama, mumewe yuko wapi?"

Nilifika nusu ya njia ya nyumbani
ndipo lile swali likanifikia.
Mtu haulizii habari za mtu asiyekuwepo.

Basi nikakumbuka mitihani yote niliyosahihisha,
watoto waliokosa jibu, nikawapa alama mbili, tatu,
kwa sababu njia yao ilionekana.
Onyesha njia, nimeliandika hilo mara elfu ngapi?
Na mimi nilitaka nizaliwe na jibu safi,
bila kufuta, bila kazi ya pembeni.

Ngeli nimerekebisha. Karatasi sichani tena.
Mikasi myekundu naiacha ilipo, wauone mguu ulipokanyaga.
Mume wa Mama Chikumbi nimempata:
yuko Masasi, ana deni, hataki kurudi mikono mitupu.

Leo wamedai kilichofuata. Nimeanza kuwasomea,
mvua ikashuka juu ya mabati, sauti ikazama.
Ubao ulikuwa umejaa, namba kutoka kona hadi kona.
Nimefuta mgawanyo mrefu, wote, hadi baki yake,
nikaandika: Alfajiri mama alilipima lile bakuli kwa maji.

Wananakili kwenye madaftari ya miraba,
kila herufi na chumba chake.
Napita katikati ya madawati, natazama mabegani.
Shazina hatazami ubao.
Amenitangulia mistari miwili.